Makaratasi ya Nabwire na Karanga za Getini

Mwello, Tororo
Jumapili, tumetoka kanisani

Mdogo wangu Taaka,

Mulembe. Mulembe tena. Dabani mmeamkaje? Kifua chako kimewacha kupiga filimbi ama bado? Na ule ng'ombe mwenye kichwa ngumu, amezaa ama anatuzungusha tu? Mimi niko. Nakula, nalala, mguu ndiyo unaongea maneno yake wakati wa baridi, ule wa kushoto. Ukimwuliza mtu ni mguu gani nitajua umeshanisahau. Nyinyi mnasema Mwello ni hapo tu, lakini kwa mguu huu, Taaka, ni kama mlinipeleka ng'ambo ya maji.

Unajiuliza kwa nini nasema Kiswahili na siyo lugha yetu. Anayeandika ni Mzee Obbo, askari wa geti hapa kwenye kituo cha afya cha Nabwire. Yeye ni Japadhola, Lusamia hajui hata salamu. Alikuwa jeshi miaka mingi, na huko walimfundisha bunduki na Kiswahili. Basi mimi nasema, yeye anaandika, polepole kama mtu anapanda mtama mbegu moja moja. Nimemkataza asininyooshee maneno. Anacheka. Andika, Mzee, kwamba unacheka.

Mke wa mwanao atakusomea. Mkae jikoni, mfunge mlango. Simu sikutaka, kwa sababu wewe simu yako unaiweka sauti ya nje mpaka kuku wanasikia. Juzi nilikuambia tu Nabwire amekonda, jioni watu wa Sikuda wakanipigia pole ya msiba. Msiba ya nani? Mtu amekonda, hajafa!

Najua kitu unangoja. Mlinituma nije nimchukue Nabwire nimrudishe nyumbani. Kaka yetu Wandera ameshika kile chumba karibu na mpaka, pale Busia, anataka Nabwire awache kazi ya serikali, afungue duka la dawa, akae karibu na sisi. Alisema anangoja mpaka mwezi uishe. Na mimi mwenyewe nilipiga kifua mbele yenu wote, nikasema mimi ndiye nimemzaa, mimi ndiye nitarudi naye. Binti ni mmoja tu amenibakia. Mume wake yuko barabarani na lori ya Juba, leo yuko, kesho hayuko. Sasa sikiliza vile imekuwa, na usimwambie mke wa mwanao aruke mpaka mwisho.

Nilimkuta hivi. Mtoto amebaki mabega na macho. Nyumba yake iko nyuma ya kituo, ukitoka mlango wa jikoni unaingia kwa wagonjwa. Ndani, Taaka, ni makaratasi. Mezani, kwenye kiti, chini ya kitanda, juu ya debe ya unga. Unajua huyu nesi wetu sasa ndiye inchaji, maana yake yeye ndiye mkubwa wa kituo, mwingine akikosea yeye ndiye anaulizwa. Na simu yake inalia kama kifaranga ambaye mama yake amechinjwa. Wako na vikundi vya wasapu. Kikundi cha chanjo, kikundi cha malaria, kikundi cha wakunga, kikundi cha mainchaji wenyewe, kingine cha kifua kikuu. Kila kikundi wanamwagia karatasi ndani.

Nikamwuliza, "Hiyo nini imelia?"

"Pidiefu, mama."

"Nani?"

"Ni kitabu, lakini kiko ndani ya simu."

"Kitabu kizima?"

"Vitabu."

Wewe unanijua. Mimi nilimwuliza padri mbele ya watu divai inayobaki anaipeleka wapi, sasa hii nitanyamazia? Nikauliza inasema nini. Nikauliza nani anaandika. Nikauliza kama huyo anayeandika amewahi kuzalisha mtu. Nikauliza kwa nini karatasi ya mbu iko nene kuliko kitabu cha nyimbo za kanisa, na mbu ni kitu kidogo. Yeye anasema tu, "Mama, usiulize." Jioni anarudi, anakula vijiko viwili, anasoma. Akisoma moja, zingine zimefika. Nikaona ni kama kupepeta mtama wakati mwingine anakumwagia makapi juu ya ungo.

Siku moja jioni tulikuwa tunachambua kunde, jua bado liko. Akasema bila kuniangalia, "Mama, umekuja kunichukua, sivyo?"

"Nani amekuambia?"

"Mjomba alipiga simu hata kabla hujafika."

Wandera na mdomo wake! Ngoja nifike huko.

Akasema, "Basi nichukue."

Taaka, moyo wangu uliruka. Nilisema kimoyomoyo, kazi imeisha, kesho nafunga mzigo. Halafu nikaona mikono yake. Anachambua kunde, anatupa majani, anabakisha vijiti.

Nikamwuliza, "Wagonjwa wanakuchosha?"

"Wagonjwa hawanichoshi."

"Watu wa hapa wanakusumbua?"

"Hapana."

"Sasa nini?"

Akawacha ungo. Akasema, "Naogopa, mama. Ndani ya haya makaratasi kuna moja, sijui ni ipi, inasema kitu mimi nafanya vibaya. Kila asubuhi nafungua mlango, nashika mtu mkono, najiuliza, ni huyu? Ni huyu atakufa kwa sababu ya kitu sijasoma? Na wakija kuuliza, watasema, Sista, tulikutumia. Na ni kweli. Walinitumia."

Mimi, mwenye mdomo huu, nilivuta ungo kwangu. Nilimaliza kunde peke yangu.

Sasa ndiyo inakuja kitu nilifanya. Usicheke mbele ya mke wa mwanao.

Kesho yake ameenda kazini, nimebaki na nyumba. Nikasema, huyu mtoto makaratasi yanamla, wacha nimpunguzie. Utasema, Nekesa, wewe kusoma hujui. Kusoma sijui, lakini karatasi najua! Nani alivuka mpaka na vitunguu na samaki kavu tangu Nabwire akiwa mgongoni? Umesahau vile ilikuwa pale? Yule mtu wa kastamu hakuwahi kusoma karatasi hata siku moja. Anaigeuza, anatafuta muhuri. Muhuri iko, pita mama. Muhuri haiko, hata kama karatasi imeandikwa na bibi yako kwa machozi, mama rudi na gunia lako. Miaka yote ile ndiyo ilinifundisha: karatasi ni muhuri, maneno ni mapambo.

Basi nikakaa chini, nikachagua. Zenye muhuri upande huu. Nikazipanga, nikazifunga na kamba ya mkonge, zikakaa vizuri kama vitenge dukani. Zisizo na muhuri, na zilikuwa nyingi, zile anatoa kwa simu na kuchapisha kule senta, penye maduka, nikaziweka kwenye beseni. Majina ya wagonjwa hayakuwa humo, hayo yako kwa kabati ya kituo na kufuli. Mimi si mjinga hivyo.

Getini kuna mama wa karanga, anaitwa Nyaketcho. Mtu mzuri, ana meno mazuri. Alikuwa analia kwamba shule zimefungwa, watoto hawamletei tena madaftari ya zamani, karanga hana kitu ya kufungia. Nikampelekea beseni. Alinishukuru mpaka akapiga magoti. Nililala vizuri siku hiyo, Taaka. Nilisema, nimesaidia watu wawili kwa mkono mmoja.

Asubuhi ikaletwa sanduku ya dawa, ya sindano. Ni ile wanamchoma mama akishajifungua ili damu isitoke kupita kiasi. Na ndani ya kituo kulikuwa na mama anaumwa uchungu, mama mkwe wake amekaa mlangoni na kitenge cha kumpokea mtoto. Jua lile la asubuhi linachoma tayari, na dawa hiyo joto linaiharibu. Mkunga anaitwa Akongo, mwanamke mfupi, sauti kubwa. Akashika sanduku, akaenda kwenye friji. Pale mlangoni mwa friji kuna karatasi, na muhuri yake nzuri kabisa, inasema hii friji ni ya chanjo, usiweke kitu kingine.

Akongo akasema, "Sista, hii iingie ama isiingie?"

Nabwire akasimama. Akasema, "Kuna karatasi ilikuja juu ya hii sindano. Niliiona. Niliiona tu, sijaisoma."

"Sasa nifanye nini? Nishikilie sanduku mpaka Krismasi?"

Mimi nilikuwa mlango wa jikoni, naona yote. Nabwire akaja mbio. Hata viatu hakufuta.

"Mama, karatasi zangu."

"Hizo hapo mwanangu, nimezipanga. Zenye muhuri zote ziko."

"Na zingine?"

"Zile hazina muhuri."

"Mama. Zingine ziko wapi?"

Taaka! Niliangalia tu geti. Na yeye akaangalia geti. Foleni yote ya wagonjwa, kutoka mlangoni mpaka kwa Nyaketcho, watu wamekaa kwenye benchi wanakula karanga.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Alitoka na ile nguo yake nyeupe, akaanza kwa wa kwanza.

"Samahani mama, naomba hiyo karatasi."

"Na karanga, Sista?"

"Karanga shika mkononi."

Wa pili hivyo, wa tatu hivyo. Akafika kwa mwanaume mmoja mnene, mfanyabiashara wa nguruwe, shavu limevimba kama amebeba embe.

"Nimekuja na jino linauma," huyo akasema, "sasa mnanipokonya na karanga?"

Akongo akamwambia kutoka mlangoni, "Jino linauma na unatafuna karanga! Unataka litoke lenyewe usilipe kazi ya mtu?"

Foleni ikacheka. Huyo mwanaume akatoa karatasi na macho mabaya. Halafu kuna bibi mmoja mzee kuliko mimi, yeye alishamaliza karanga, karatasi amekunja vizuri ameficha kifuani. Alikataa kabisa. "Hii ni dawa yangu wameandika," anasema, "nampelekea mjukuu asome." Nabwire alipiga goti mbele yake, akamwomba kwa Dhopadhola, lugha ya hapa, mpaka akaitoa.

Mzee Obbo akawacha geti. Andika, Mzee, kwamba uliwacha geti. Akaleta mawe madogo, wakatandaza vipande kwenye benchi, kwa sababu Nyaketcho karatasi moja anapasua mara mbili. Sasa wanaunganisha kama mtu anaunganisha chungu kilichovunjika. Akongo anasoma hapa, Obbo pale, Nabwire katikati, na yule mtu wa maabara, Okiring, mtu wa Teso, mrefu mpole, ametoka na damu ya mtu bado iko kwenye kioo mkononi.

"Hii ni ya vyandarua," anasema Akongo.

"Hii pia vyandarua," anasema Obbo.

"Na hii?"

"Vyandarua, lakini wamebadilisha picha ya mbele."

Na mimi, Mungu anisamehe, mdomo ukafunguka. Nikasema, "Na hiyo inasema nini?"

Nabwire aliniangalia na lile jicho la mama yetu. Unalijua. Lakini akajibu, "Inasema mtu akiwa na homa apimwe kwanza, asipewe dawa kwa kukisia."

"Na hiyo nyingine?"

"Hiyo hiyo. Wameongeza kurasa za kushukuru watu."

Yule wa jino akasema, "Na yangu?" Basi benchi yote ikaanza. Na yangu, Sista? Na yangu ilikuwa inasema nini? Kila mtu anataka kujua alikuwa anakulia ndani ya neno gani.

"Yako inasema watu wanawe mikono," Okiring akamwambia kijana mmoja.

"Na mimi nimekula bila kunawa!"

Bibi wa kifuani akauliza yake, mara ya kwanza, mara ya pili. Yake ilikuwa ya mkutano uliopita, inasema mkutano ulikwenda vizuri. Alisikitika sana.

Ile tulikuwa tunatafuta ilikuwa wapi? Nusu ilikuwa na yule mama mkwe, amekaa pale pale mlango wa wazazi, mita chache na friji, na karanga zake nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwa Nyaketcho bado, kwenye karai, imefungwa vizuri inangoja mnunuzi. Nabwire akaziunganisha, akasoma amesimama, midomo inacheza. Watu wote wamewacha kutafuna, hata wa jino.

Akasema, "Inaingia. Inaingia kwenye friji, hata ile ya chanjo. Isiguse barafu tu, isigande."

Akongo alikuwa ameshakimbia na sanduku.

Halafu Nabwire akapiga simu kwa mkubwa mmoja wa kule juu, ahakikishe, kwa sababu ile ya mlangoni ina muhuri na hii haina. Aliweka sauti ya nje, amejifunza kwako. Yule mkubwa akasema ngoja. Tukangoja. Tunasikia anauliza mwenzake, tunasikia makaratasi yanapinduliwa, yanapinduliwa. Akarudi, akasema, "Ndiyo Sista, ni hivyo hivyo, ile ya zamani toa mlangoni." Halafu akasema polepole, "Na hiyo karatasi yako, nitumie na mimi."

Taaka! Nabwire aliinua simu akaiangalia kama mtu ameona nyoka amevaa viatu.

Mtoto alizaliwa kabla ya chakula cha mchana, msichana, analia vizuri. Mama alichomwa ile sindano, damu ikasimama. Mama mkwe akatoka akacheza kidogo pale nje, halafu akadai karanga zake.

Watu walipopungua, Nabwire akakaa kwenye benchi katikati ya vipande na mawe. Mimi nikajua sasa nakwisha. Nikaja nikakaa pembeni, si karibu sana. Akasema, "Mama, haya makaratasi nimeyaogopa mwaka mzima. Sijawahi kuyaona yamelala juani namna hii. Angalia. Haya yote ni neno moja. Haya, neno moja. Haya yanasifu watu. Yenye neno jipya ni haya hapa tu."

Nikasema, "Kumbe nilisaidia."

Akasema, "Hukusaidia! Ukigusa tena karatasi yangu nakurudisha Dabani na boda usiku!"

Haki yake. Sijagusa tena. Hata ile ya kufungia sabuni nauliza kwanza.

Ile kitu ingeishia hapo, lakini Akongo ni mtu wa maneno. Alikuja na chai, akasema, "Sista, wewe unalima shamba la kijiji kizima peke yako na jembe moja." Nikakumbuka vile tulikuwa tunalima kwa zamu wewe na mimi na wale wanawake wa ng'ambo ya kijito, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye mdomo analipia kwa hadithi. Kumbe Wapadhola pia ni hivyo hivyo. Wakagawana. Akongo anasoma yote ya wajawazito na watoto wachanga. Okiring anasoma ya malaria na ya damu. Nabwire anasoma ya dawa na chanjo. Na asubuhi, kabla mlango haujafunguliwa, wanasimama pale mbele ya benchi, kila mtu anasema ameona nini, kwa Kiswahili ama Dhopadhola, bila kuzunguka. Kama haina neno jipya, anasema haina, tunaendelea.

Na mimi nimepewa kiti. Kazi yangu ni kuuliza. Kama nimeuliza na mtu ameshindwa kujibu, anarudi kusoma. Nabwire anasema akiniambia kitu nikakielewa, anajua na yeye amekielewa. Siku moja Okiring hakuwa amesoma, akaanza kuzunguka, ooh, kuna mambo ya uratibu, kuna wadau. Nikamwuliza, "Wadau ni nani?" Kwa sababu hao wadau wako kila karatasi, sijawahi kuwaona hapa. Alitoa jasho. Nabwire akasema, "Wadau ni wewe, mama." Mimi? Nimefurahi, lakini sasa nataka kujua kwa nini hawakuniuliza.

Si kwamba kila mtu anapenda. Wengine wanasema, tibuni kwanza, habari baadaye. Yule wa jino alirudi, shavu limeshuka, akauliza kwa nini kwenye makaratasi yote hakuna hata moja ya meno. Wakaangaliana wote watatu. Hakuna aliyejua. Nabwire ameandika kuuliza huko juu. Wakijibu nitakuambia, na mimi nataka kujua.

Na simu bado inalia. Makaratasi hayajapungua, usidanganyike. Ila wakati wa chakula anaiziba mdomo, anaiweka chini ya mto. Anakula. Juzi alimaliza sahani, akafuta na kidole.

Lakini kuna kitu kinanisumbua, Taaka, nikilala nakifikiria. Nilimwuliza, hao wanaokutumia wanatoa wapi? Akasema na wao wanatumiwa, kutoka kwa ofisi kubwa. Na ile ofisi kubwa? Inatumiwa kutoka Kampala. Na Kampala? Kutoka ng'ambo, kwa wazungu. Na wazungu? Akasema, na wao pia wanasoma za wenzao. Sasa wa kwanza ni nani? Kuna mtu mahali fulani, asubuhi anakaa, mezani hana karatasi yoyote ya mtu, na anaanza. Nataka kumwona huyo. Nataka kuona anakunywa chai gani.

Mzee Obbo anasema mkono unauma, na gari ya mboga inayokuja huko itapita sasa hivi. Wacha nisalimie.

Nisalimie mwanao na mke wake huyo anayesoma, ahsante mwanangu, Mungu akupe macho marefu. Nisalimie shangazi wa Sikuda, umwambie hakuna aliyekufa. Nisalimie mjane mwenzangu wa ng'ambo ya kijito, yule tulilima naye, nimesema habari zake hapa na watu wamecheka vizuri. Nisalimie katekista wetu. Mwambie huyu Nyaketcho wa karanga anaimba kanisani huku, sauti ya pili.

Na kaka yetu Wandera umsalimie wa mwisho. Mpe chai kwanza, akae, atoe viatu. Mwambie nilimwuliza Nabwire siku ya Ijumaa, anaosha miguu pale nje. Nilimwambia, "Mjomba anangoja na ufunguo." Akaniuliza, "Mama, wewe unataka nini?" Sikumdanganya, Taaka. Nilimwambia nataka uwe Dabani, nikikuita kutoka jikoni kwangu uitike. Akasema, "Najua." Akaosha mguu wa pili. Halafu akasema, "Bado naogopa, mama. Lakini sasa siogopi peke yangu, na kwa duka la mjomba nitakuwa peke yangu."

Nilitaka kumtoa kwenye woga, nikakuta woga wamegawana. Nikamwambia sawa.

Basi mwambie Wandera chumba ampe mtu mwingine kabla mwezi haujaisha, mtoto anamshukuru sana, anapiga magoti kutoka huku. Na akikasirika umwambie mimi nilitangulia kukasirika, siku mbili sikumsalimia mtoto asubuhi, na nimemaliza. Mimi nitakuja mvua zikipungua. Peke yangu.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Nekesa, mama yake Nabwire